Kibarua cha Kwanza

Kila mwaka, mtihani wa kidato cha nne umalizikapo hapa Uganda, nyumba nyingi hupata mgeni ambaye si mgeni: kijana wa miaka 16 au 17, aamkaye saa nne, alaye sana, na asiye na la kufanya hadi kidato cha tano kifunguliwe. Ndipo wazazi huulizana: huyu tumtafutie kazi gani? Wenzetu wametuuliza swali hilo mara nyingi, wakidhani kwamba afundishaye watoto wa watu huyajua ya wake. Tutaeleza yaliyotupata, wala hatutajipendelea.

Mwanetu alifanya mtihani huo mwishoni mwa mwaka 2024. Twakaa Tororo, mji upitiwao na malori yatokayo Mombasa baada ya kuvuka mpaka wa Malaba, na ambamo Kiswahili, hata kama shuleni bado chapigania nafasi yake, barabarani hakikosi kazi. Mjomba wake alikuwa tayari kumwazima pikipiki afanye bodaboda. Hilo tulilikataa papo hapo. (Tumewahi kuwaeleza wanafunzi asili ya neno hilo, yaani baiskeli za Busia zilizokuwa zikivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka, nao wakacheka; lakini pikipiki mikononi mwa mtoto asiyefikia umri wa leseni si jambo la kucheka.) Jirani akataja kufyatua matofali. Baba yake akasema kazi ni kazi. Sisi tukasema hatukumsomesha mtoto miaka 11 ili akakanyage udongo.

Na hapa yatupasa kukiri. Darasani twafundisha methali isemayo kwamba achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Twawapa watoto waitungie insha, kisha twawasahihishia kwa wino mwekundu. Mpini ulipofika mlangoni petu, tukaona unamfaa zaidi mtoto wa jirani.

Tulimchagulia kazi safi. Mtu tuliyefahamiana naye alikuwa na kibanda cha kuweka na kutoa pesa kwa simu, kando ya barabara iendayo Malaba, naye alihitaji kijana mwaminifu ajuaye hesabu. Mtoto angekaa kivulini, amevaa shati lililopigwa pasi, na jamaa wapitao wangemwona. Makubaliano yalikuwa saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, kwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Hatukuandikiana chochote, watu wajuanao waandikiane nini? Wala hatukuuliza pesa zikipotea ni hasara ya nani. Swali hilo halikutujia kabisa, sisi ambao shuleni hatupokei hata boksi la chaki bila kutia sahihi.

Juma la kwanza alirudi saa saba. Juma la tatu alirudi magharibi. Kufikia Krismasi alikuwa akirudi saa tatu za usiku, na ilhali Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 iliagiza kwamba mtoto asiajiriwe kati ya saa moja jioni na saa moja asubuhi. Sheria hiyo tuliijua. Tulijiambia kwamba wahusika wake ni watoto wa mashambani na migodini, si kijana aliyeketi kitini. Mwezi wa kwanza ulipotimia, mwenye kibanda akasema atamlipa yote kwa pamoja likizo ikiisha, asije akazitumia ovyo. Nasi tukamshukuru kwa busara yake! Mwalimu wa lugha angalau angekumbuka kwamba neno mshahara lina asili ya Kiarabu, na kwamba ndani yake mna shahr, yaani mwezi. Usiolipwa mwezi ukiisha una jina jingine.

Mwishoni mwa Januari tuliona kikokotoo chake hakipo mezani. Alisema amemwazima mwenzake. Siku tatu baadaye kamusi yake nayo haikuonekana. Hapo baba yake akaketi naye nje, gizani, na maneno yakatoka. Mtu mmoja aliyejiita dereva alikuja kibandani saa mbili usiku, mtoto akiwa peke yake, akaomba shilingi 350,000 ziingizwe katika nambari fulani huku akihesabu noti mbele ya dirisha. Pesa zilipokwisha kwenda, akasema noti zilizopungua zimo garini, akaondoka na zote. Hakurudi. Mwenye kibanda alizuia mshahara wa miezi miwili, yaani shilingi 240,000, akamwamuru atafute 110,000 zilizosalia, tena asituambie, maana angetuaibisha. Mtoto alilibeba jambo hilo siku tisa. Alikuwa amekwisha kuulizia nauli ya kwenda Kampala kwa rafiki yake, na hakuwa na nia ya kurudi.

"Mbona hukutuambia?" tukamwuliza.

"Mama, si ninyi mlionipeleka?"

Tulikosa la kujibu. Tulilipa zile 110,000, kisha tukaenda kuzungumza na mwenye kibanda, mazungumzo ambayo hayafai kuchapwa katika jarida la walimu.

Kazi ya pili hatukuichagua sisi. Mwezi wa Februari, shule zilipokuwa karibu kufunguliwa na kila mzazi anakimbilia sare, tulimtuma sokoni kwa fundi cherehani apeleke sketi ya mdogo wake. Foleni ilikuwa ndefu. Mzee akamtupia kaptura: "Kijana, kama umesimama tu, nishikie pindo hili." Akakaa hadi jioni, na kesho yake akarudi bila kutumwa.

Mzee huyo alijifunza ushonaji Mombasa akiwa kijana, na Kiswahili chake kingali cha huko, ingawa kimeota mizizi huku bara. Malipo yake yalikuwa shilingi 500 kwa pindo na 100 kwa kifungo, na kila kipande kiliandikwa kwa chaki ukutani. Jioni mtoto alilipwa, na chaki ikafutwa. Pindo likienda upande, neno lilikuwa moja tu: "Fumua." Alifumua pindo la kaptura moja mara nne, mwanetu ambaye nyumbani hakubali kuandika barua upya hata mara moja. Saa saba mchana alifukuzwa, kazi iwe imekwisha au haijaisha.

Safari hii tulikwenda kuuliza. "Na akiharibu kitambaa cha mtu, mzee wetu?"

"Nalipa mimi."

"Wewe? Kwa nini?"

"Mwalimu, mkasi si nimempa mimi?"

Tulirudi nyumbani tukilifikiria neno tuliloliweka juu ya makala haya. Kibarua siku hizi twalitamka kwa dharau kidogo, lakini asili yake ni barua: kijikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kiwe ushahidi wa siku yake. Ulikuwa ulinzi wa mnyonge. Ukuta wa yule mzee, pamoja na chaki yake, ulikuwa barua ya mwanetu. Kile kibanda safi hakikuwa na barua yoyote. Ndiyo maana mzazi atuulizapo sasa kuhusu kazi ya kwanza, hatuanzi na ujira wala usafi wa mahali. Twamwuliza ni nani atakayekuwa karibu na mtoto siku atakapokosea, na kosa hilo litahesabiwaje. Wengine hutushangaa, hasa waliokwisha kupata nafasi ofisini kwa shemeji.

Hatusemi kwamba cherehani ilimtajirisha. Hadi Februari inaisha alikuwa amepata shilingi 62,000, ambazo hazifikii hata zile tulizozilipa. Alinunua kikokotoo kingine, cha mkononi mwa mtu. Kamusi haijapatikana.

Alipokaribia kuingia kidato cha tano tuliona vyema kufuata ada. Kamusi za zamani zaeleza kwamba kilemba si kitambaa cha kichwani tu, bali pia ni zawadi apewayo fundi wakati mwanagenzi wake ahitimupo. Tukanunua kanzu na kilo mbili za sukari, tukaenda na baba yake, mwenyewe akifuata nyuma kwa aibu. Mzee alipokea sukari, akashukuru. Kanzu aliipapasa, akageuza pindo lake atazame mshono, akatikisa kichwa, kisha akaturudishia.

"Hii kaeni nayo kwanza, Mwalimu. Kilemba ni cha aliyehitimu. Huyu kola bado."

Tangu hapo huenda kila Jumamosi, saa tatu hadi saa sita. Kanzu ingali sandukuni.