Picha Yenye Chengachenga: Nitume au Nisitume?

Leo tuache kidogo mambo ya seva na hifadhidata. Nataka tuzungumzie picha, ingawa mkinivumilia mpaka chini mtaona ni shida ile ile tunayokutana nayo kwenye programu.

Swali ni hili: mpiga picha wa ridhaa apeleke kwenye mashindano picha ambayo yeye mwenyewe anajua ina kasoro? Au akae nayo hadi siku atakayopata kamera nzuri na mwanga mzuri?

Kwa sisi tunaoishi Garissa swali hili si la kujifurahisha tu. Tafuta jina la mji huu kwenye mtandao uone kinachokuja. Utaona shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148. Utaona kambi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991. Utaona mizoga ya ng'ombe wakati wa ukame. Yote hayo ni kweli, lakini sehemu kubwa ilipigwa na watu waliokuja na kuondoka. Soko la mifugo, mashamba ya kando ya Tana, kituo cha umeme wa jua cha zaidi ya megawati 50 kilichofunguliwa mwaka 2019: hayo tunayaona sisi kila siku, na sisi ndio tunaosema picha zetu "hazijafika kiwango".

Mimi nina picha moja kama hiyo. Inaonyesha ayeyo (ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kisomali) akifunga fito za aqal. Kwa asiyejua, aqal ni nyumba ya wafugaji. Wanawake ndio huisimamisha, kwa fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka, na siku ya kuhama hubomolewa na kupakiwa juu ya ngamia. Nilipiga kwa simu, jua limeshazama. Vivuli vimejaa chengachenga, upeo umelala upande, na mkono wake wa kulia umetikisika. Uso umetulia. Kuirudia haiwezekani: siku hizi ayeyo anaishi kwenye nyumba ya mabati hapa mjini, na zile fito zilishakuwa kuni.

Mtu wa programu atanijibu haraka: toa tu! Tangu Eric Raymond aandike insha yake The Cathedral and the Bazaar mwaka 1997, wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba kazi hutolewa mapema na kurekebishwa mbele za watu. Nakubali kwa programu. Kwa picha nasita kidogo, kwa sababu programu ina toleo linalofuata. Picha ya mashindano ina toleo moja tu. Jaji akishaiona, huwezi kumtumia kiraka wiki ijayo.

Kwa hiyo nimeazima jambo jingine kutoka kazini. Kabla ya kutoa programu tunagawa hitilafu mafungu mawili: zile zinazozuia toleo, na zile tunazoziandika kwenye maelezo na kuendelea. Kwa picha, nimejiwekea maswali matatu.

1. Je, kasoro imeharibu kile picha inachosema?

Picha za Robert Capa za kutua Normandy, tarehe 6 Juni 1944, zimetikisika sana. Hakuna anayezikataa kwa sababu hiyo, maana anayezitazama haulizi wembamba wa mistari, anaona askari majini. Lakini picha ya ndege ambaye hatambuliki ni aina gani, hiyo imeshindwa kazi yake.

Wikimedia Commons wanalitenganisha jambo hili vizuri. Wana alama ya picha bora kiufundi, inayodai angalau megapikseli 2 na usafi wa kila kona. Wana alama nyingine ya picha yenye thamani, inayouliza kama hiyo ndiyo picha inayofaa zaidi kuonyesha jambo fulani. Picha moja inaweza kukosa ya kwanza na kupata ya pili.

2. Je, nikiirekebisha itabaki kuwa kweli?

Kunyoosha upeo ni sawa. Kuongeza mwanga kidogo ni sawa. Lakini siku hizi kuna programu za akili bandia ambazo ukizipa picha yenye chengachenga zinakurudishia uso safi kabisa. Ukifikiria zinavyofanya kazi utaona tatizo: pikseli ambazo hazikuwepo zinabuniwa kwa kukisia kutoka kwenye picha za watu wengine. Huyo si ayeyo wangu tena.

Na majaji wanalichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 2015 World Press Photo waliondoa takriban asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho kwa sababu ya uchakachuaji. Mwaka 2018 Natural History Museum ya London iliinyang'anya ushindi picha ya usiku iliyoonyesha mla-mchwa kwenye kichuguu, baada ya wataalamu kuamua kwamba mnyama yule alikuwa amekaushwa na kujazwa. Picha ilikuwa safi kabisa. Chengachenga zinaweza kukunyima zawadi, lakini uongo unakunyima jina.

3. Je, mwenye uso amekubali, na anajua anakubali nini?

Hapa ndipo wengi tunapita mbio. Wiki Loves Africa, mashindano yaliyoanza mwaka 2014, hutumia leseni ya Creative Commons. Ukishaitoa picha kwa leseni hiyo huwezi kuirudisha. Mtu yeyote anaweza kuitumia, hata kibiashara, mradi amtaje mpiga picha na kile atakachokitengeneza kutokana nayo akitoe kwa masharti yale yale. Nilimweleza ayeyo hayo yote. Kwanza alitaka kuona kama shash yake ya kichwani imekaa vizuri. Nikamwonyesha ule mkono uliotikisika. "Ayeyo," akaniambia, maana kwetu nyanya humwita mjukuu kwa jina lile lile, "mkono uliotulia haufungi fito." Kisha akaweka sharti moja: iandikwe kwamba nyumba hiyo hujengwa na mwanamke.

Sharti hilo limenifundisha kwamba maelezo ya picha ni nusu ya kazi. Andika mahali, mwaka, kinachofanyika, na jina la kila kifaa kwa lugha ya wenyewe. Kamera haiwezi kukuandikia hayo.

Sasa, ukishindwa unapoteza nini? Inategemea mashindano. Mengine yanatoza ada, na picha isiyoshinda hupotea. Mengine yanajichukulia haki za picha zote zilizotumwa; soma masharti kabla ya kubofya. Lakini Wiki Loves Monuments, iliyoanzia Uholanzi mwaka 2010, ilipokea zaidi ya picha 168,000 mwaka 2011. Walioshinda ni wachache mno, ila picha za wengine zilibaki pale pale zikingoja mwenye kuzihitaji. Kwenye mashindano ya namna hiyo aliyeshindwa naye ameongeza kitu.

Tusifanye hoja hii kuwa kisingizio cha uvivu, jamani. Soko la mifugo litakuwepo wiki ijayo. Kama picha yako ya sokoni imetikisika, rudi kesho na mapema, shika simu kwa mikono miwili, upige tena. Ruhusa ya kasoro ni ya kile kisichorudi.

Na vipo visivyorudi. Mwaka 2017 video ya twiga weupe wa hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, katika kaunti yetu hii, ilizunguka dunia. Machi 2020 hifadhi ikatangaza kwamba jike na ndama wake wameuawa na majangili. Mwezi Novemba mwaka huo dume aliyebaki akafungwa kifaa cha GPS. Aliyekuwa akisubiri lenzi nzuri ili ampige yule jike, hana tena wa kumpiga.

Uamuzi wangu ni kutuma. Nimenyoosha upeo, chengachenga nimeziacha, na maelezo yameanza na sharti la ayeyo. Sitarajii zawadi.

Nawe uliye Garissa, Wajir au Mandera, fungua simu yako leo usiku. Tafuta ile moja ambayo huwezi kuirudia, uipitishe kwenye maswali matatu. Ikipita, itume kabla ya siku ya mwisho. Kazi njema.