Daftari la Kina Mama wa Mwandiga

Mwandiga ipo pale barabara ya kutoka Kigoma mjini inapogawanyika: moja inaelekea Kasulu, nyingine inapanda Kalinzi hadi Manyovu, mpakani na Burundi. Katika miaka ya tisini, kabla ya lami, magari yalifika yakiwa mekundu kwa vumbi, na abiria walipoteremka kunyoosha miguu waliwakuta kina mama wamepanga madumu ya mawese kandokando ya njia. Mama yangu alikuwa mmoja wao.

Mawese yalikuwa kazi ya nyumba nzima. Wanaume walipanda mchikichi kwa kamba na panga, wakaangusha mikungu. Sisi watoto tulizichambua chikichi kutoka katikati ya miiba. Mama na jirani zake walizichemsha kwenye pipa, wakazitwanga, kisha wakayaengua mafuta yakiwa bado ya moto. Makapi yalikaushwa yakawa ya kuwashia moto, na kokwa zilivunjwa kwa mawe ili mise, yaani viini vyake, ipelekwe kwa wapika sabuni. Hakuna kilichotupwa. Hata hivyo fedha haikukaa nyumbani. Mara nyingi mafuta yalikuwa yameshauzwa kabla ya mikungu kuiva, kwa sababu mtoto aliugua au karo ilidaiwa, na mwenye fedha mkononi ndiye aliyepanga bei. Benki ilikuwa mjini, nayo ilitaka dhamana. Shamba lilikuwa la baba. Mama alikuwa na mikono yake tu.

Nyuma ya vijiji vyetu, vilima vya kuelekea ziwani vilikuwa vimebaki na nyasi na mihogo. Mvua ilipopiga, udongo uliteremka hadi Ziwa Tanganyika, na kila mwaka safari ya kuni ilizidi kuwa ndefu. Jane Goodall, aliyefika Gombe Julai 1960 kuchunguza sokwe, aliruka juu ya eneo hilo kwa ndege ndogo mwanzoni mwa miaka ya tisini, akaona msitu wa hifadhi umezungukwa na vilima vitupu. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji vya bonde la Ziwa Tanganyika.

Ninachokiheshimu hadi leo ni namna walivyoanza. Waliokuja kukaa na wazee wetu walikuwa Watanzania, na walikuja na swali: ninyi mnahitaji nini? Watu walitaja maji safi, zahanati, shule, mashamba yaliyochoka. Hakuna aliyetaja sokwe. Mradi wa kuhifadhi msitu ukakubali kuanzia kwenye kisima na darasa, na hapo ndipo watu walipoanza kuusikiliza.

Baadaye ikaja mikopo midogo ya kina mama, kwa mfano wa Benki ya Grameen ya Bangladesh iliyoasisiwa na Muhammad Yunus: wanawake wanajipanga katika vikundi vidogo, kila mmoja anamdhamini mwenzake, na badala ya hati ya nyumba wanaweka uaminifu wao. Katika kikundi cha mama, wengi hawakujua kuandika, nami nilikuwa shule ya msingi na hati yangu ilisomeka. Nikapewa daftari.

Walikutana chini ya mwembe. Niliandika jina, mkopo, marejesho, baki. "Soma tena, mwanangu, polepole," mama aliniambia, na wote wakanyamaza wakifuatisha kwa vidole. Siku moja dada mmoja alikuja mikono mitupu. Mtoto wake alikuwa amelazwa. Walizungumza kwa Kiha, lugha yetu, kwa muda mrefu, na sauti nyingine zilikuwa kali. Mwishowe wakachanga kumlipia, kisha bibi mmoja akanigeukia: "Andika kwamba tumemlipia. Andika na kwamba atarudisha." Alirudisha kwa sabuni aliyoipika mwenyewe.

Mimi nilidhani ninawahesabia fedha. Kumbe kina mama wale walikuwa wakijifunza kuamua mbele ya wenzao, kukataa, na kutaka maelezo. Baada ya muda niliwasikia wakiuliza maswali yaleyale kwenye mkutano wa kijiji: mchango wa darasa umefika kiasi gani, na nani anautunza? Hawakukaa tena nyuma kabisa karibu na njia.

Msitu nao ulirudi kwa njia hiyohiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilivipa vijiji nafasi ya kupanga ardhi yao, na vijiji jirani na Gombe vilitenga misitu ya hifadhi ya kijiji. Sehemu nyingi hazikuhitaji hata miche. Chini ya ardhi mizizi ya miti iliyokatwa ilikuwa hai. Visiki vilipoachwa bila panga na bila moto, vilichipua vyenyewe. Waliovilinda ni watu wa vijiji vilevile, kwa kuwa mpango ulikuwa wao.

Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91. Dunia ilimkumbuka kwa sokwe. Mimi nilimkumbuka pia kwa swali lile waliloulizwa wazee wetu.

Sasa mchikichi umekuwa jambo la taifa. Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipouhimiza mkoani Kigoma, watafiti wa TARI Kihinga wamekuwa wakizalisha miche ya tenera, chotara wa michikichi ya aina ya dura na pisifera, ambayo chikichi zake zina nyama nene na ganda la kokwa jembamba kuliko dura tuliyoizoea. Ni neema, nami naifurahia. Lakini mti unaozaa zaidi hautambadilishia maisha mwanamke anayeyachemsha mafuta ikiwa shamba, kipimo na bei vyote viko kwa mtu mwingine. Sheria ileile ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi ya kijiji. Basi kila kijiji kinachogawa miche kianze kwa kuwauliza kina mama wanahitaji nini, na jina la mama liandikwe kwenye hati ya shamba kabla mche haujashika ardhi.