Hoja Sita au Hoja Moja?

Juzi, saa nne usiku za huku Uingereza, ambazo nyumbani ni saa saba, simu yangu ililia. Alikuwa mdogo wangu anayesoma chuo Dodoma. "Shikamoo dada. Umelala? Nina asaimenti ya kukabidhi kesho, naomba uipitie." Chini yake picha nne za kurasa alizoandika kwa mkono. Swali lilimtaka ajadili kwa nini wamachinga hurudi barabarani baada ya kuhamishiwa masokoni. Jibu lake: kwanza, ukosefu wa mitaji, pili, ukosefu wa elimu ya biashara, tatu, ongezeko la watu mijini. Akateremka hivyo hivyo mpaka ya sita, kisha hitimisho lililoitaka serikali na wadau wachukue hatua.

Nilicheka, maana niliifahamu insha ile. Niliwahi kuiandika mimi, juu ya mada nyingine, na ikanifelisha.

Sisi tuliopita shule za Tanzania tunajua insha ina utangulizi, kiini na hitimisho, na ndani ya kiini zinakaa hoja sita. Swali la historia likidai sababu sita, unazihesabu kwa vidole. Ikikosekana ya sita, unaipasua ya tatu vipande viwili. Tulibukua madesa yaliyopigwa kopi steshenari mpaka maandishi yakafifia, na mwenye nondo nyingi ndiye aliyehesabiwa kuwa kasoma. Sidharau utaratibu huo. Mwalimu mwenye rundo la madaftari mezani, na mtihani wa taifa unaosahihishwa na walimu wengi kwa mara moja, vinahitaji kitu kinachohesabika. Hoja iliyopewa namba inahesabika.

Tatizo liko kwenye neno lenyewe. Kwa Kiswahili, "hoja" ni kila kimoja kati ya vile vitu sita, na pia ni ule msimamo mmoja ambao mtu anaujenga na kuutetea mbele ya watu. Shuleni tulifundishwa ile ya kwanza. Nilipofika huku kwa shahada ya uzamili, katika mji mmoja wa kaskazini, nikadaiwa ile ya pili.

Kazi ya kwanza ilikuwa maneno 3,000: kwa nini sera ya vijiji vya ujamaa ilishindwa? Nikaona nimetupiwa embe bivu. Mtanzania anaulizwa ujamaa! Nikamwaga nondo zote: ukame wa 1973 na 1974, bei ya mafuta iliyopanda, watu kuhamishwa kwa nguvu, urasimu, uhaba wa wataalamu, bei ndogo za mazao. Kila aya na msomi wake wa kunukuu. Nikapata 48, na alama ya kufaulu ni 50.

Huku insha husahihishwa kwa namba ya mtahiniwa, bila jina, kwa hiyo sikuweza hata kujifariji kwamba nimechukiwa. Pembeni mwa karatasi, msahihishaji alikuwa ameandika mara tano: "Kwa hiyo?" Mwishoni akaongeza kwamba sababu zote sita ni za kweli, ila hajui mimi nasemaje.

Kabla ya kuirudia kazi hiyo, nikaenda ofisini kwa mhadhiri, katika saa alizotenga kwa ajili ya wanafunzi. Alikuwa mama wa makamo, na alitutaka tumwite kwa jina lake la kwanza tu. Ulimi uligoma. Nyumbani mtu wa umri ule na elimu ile ni Profesa au Mama, basi nikawa namwita "samahani" kwa muda wote wa mazungumzo. Akaniuliza, "Ukilazimishwa kutupa sababu tano, utabaki na ipi?" Swali lile lilinitisha. Kwetu hakuna anayetupa hoja, kila moja ina alama zake. Nikasema nitabaki na watu kuhamishwa kwa nguvu. Akauliza, "Unajuaje?"

Nikaenda maktaba kutafuta jibu, nayo ikanipeleka Ruvuma. Mapema miaka ya 1960, kabla ya Azimio la Arusha la 1967, wakulima wa huko walikuwa wameanzisha vijiji vyao wenyewe, Litowa kikiwa kimojawapo, wakalima pamoja na kuamua mambo yao pamoja chini ya chama chao cha maendeleo. Mwaka 1969 chama tawala, TANU, kikakivunja chama hicho cha wakulima. Ukame niliouweka namba moja ulikuja miaka minne baadaye. Na mwishoni mwa 1973 ndipo ikatangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe amehamia kijijini. Nilipozipanga tarehe hizo, zile sababu sita hazikulingana tena. Ukame na mafuta viliikuta sera ambayo tayari ilikuwa imeshaamua kwamba mwanakijiji hataulizwa. Hiyo ikawa hoja yangu, moja, na nyingine zikawa ushahidi wake au vipingamizi vyake.

Kipingamizi kikubwa alikuwa msomi Göran Hydén. Katika kitabu chake cha 1980 kuhusu ujamaa, alieleza kwamba mkulima wa Tanzania, mwenye ardhi na jembe lake, alikuwa na uwezo wa kuikwepa dola. Katika insha ya kwanza nilikuwa nimemnukuu kama mtu anayeapa: Hydén kasema, basi yameisha. Sasa ilinibidi nimjibu. Kama mkulima aliweza kukwepa, mbona mamilioni walihamishwa? Na kama amri ilitosha, mbona mashamba ya pamoja hayakushamiri? Nilitumia kurasa mbili kubishana naye, na hizo ndizo kurasa ambazo msahihishaji alizipenda.

Marudio yakakubaliwa. Lakini kwa kanuni zao, kazi inayorudiwa haipewi zaidi ya 50 hata ingekuwa ya dhahabu. Basi insha bora niliyowahi kuandika ina alama 50, na nimeitunza.

Hadi hapo mtu anaweza kudhani nawasifia Waingereza tu. Ngoja kwanza. Pale chuoni Dar es Salaam, nilikosoma kabla ya kuja huku, insha ilianzia kwenye vimbweta, yale mameza ya zege yaliyo nje. Tulikaa sita au saba, tukabishana mpaka mbu wakatufukuza, kisha tukasimama kwenye semina kuitetea kazi mbele ya wenzetu ambao hawakuwa na huruma hata kidogo. Kweli, kwenye kazi za kundi walikuwepo wale ambao mchango wao ulikuwa jina kwenye jalada. Lakini hakuna aliyeandika akiwa mpweke. Huku maktaba iko wazi usiku kucha na kila mtu amejifungia ndani ya kompyuta yake. Niliomba kuona rasimu ya mwenzangu, akaifunika kwa mkono, akihofia tutashtakiwa kwa kushirikiana. Nilijifunza kuandika hapa, lakini kubishana nilikuja nako.

Tena wizi wa kitaaluma hauna pasipoti. Chuo kinapitisha kazi kwenye Turnitin kuona kama umenakili, lakini insha mpya iliyoandikwa na mtu mwingine kwa malipo haina ilikonakiliwa. Biashara hiyo ilikua mpaka England ikawekewa sheria mwaka 2022 ya kuwashtaki wanaoiuza. Na kati ya waandishi wake kuna vijana wengi wa Kenya, wahitimu wa vyuo waliokosa kazi, wanaokesha wakiandika insha za wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Mtu akiniambia Waafrika hatujui kuandika insha za vyuo, namwambia aulize vizuri: baadhi ya hizo anazozipa alama ya juu huenda ziliandikwa Nairobi.

Kinachotukwamisha ni kingine. Tulipoingia kidato cha kwanza masomo yakageuka Kiingereza. Watoto waliokuwa wakipinga kila kitu uani na barazani wakawa hawana maneno ya kupingia, na aliyekosa maneno yake hukariri ya mwenzake. Kwa hiyo hata leo, kabla ya kuandika kazi yoyote, naisema kwanza kwa Kiswahili kwa sauti, kama vile naongea na mtu asiyeniamini. Nikishindwa kuisema kwa sentensi mbili, najua bado sina la kusema.

Ndicho nilichomwambia mdogo wangu, maana mama yetu mdogo naye ni mmachinga. "Ziweke pembeni hizo sita. Nitumie sauti, uniambie mama mdogo alirudije barabarani."

Ikaja sauti ya dakika nne. "Dada, mama mdogo mwaka 2021 walipohamishwa alipewa kizimba kizuri tu, juu ghorofani. Lakini daladala zinashusha upande wa pili wa barabara. Nani atapanda ngazi kufuata kandambili? Mtaji alikuwa nao. Biashara anaijua kuliko hao waliompangia soko. Kakaa miezi miwili, kashuka."

Nikamwambia, "Umesikia ulichosema? Umeifuta hoja yako ya kwanza na ya pili."

Akanyamaza kidogo. "Lakini dada, mhadhiri wetu anahesabu."

Hapo sikuwa na jibu la kishujaa. Yeye ndiye atakayepewa alama, si mimi. Nikamshauri aanze na hiyo ya mama mdogo, kisha kila anachokiweka nyuma yake kiseme kama kinaiunga mkono au kinaipinga. Mhadhiri akitaka kuhesabu, ahesabu.

Asubuhi nilikuta kazi mpya. Ilianza hivi: mfanyabiashara mdogo hufuata miguu ya wateja, na soko lililojengwa mbali na miguu hiyo hubaki tupu. Nikasoma mpaka mwisho. Hoja zilizofuata zilikuwa tano. Sijamuuliza ya sita iko wapi.