Mashamba ya Mviringo

Sisi watu wa vijijini twalijua shamba kwa miguu yetu: huku mpaka wa minyaa, kule mpaka wa mkonge, na pembe zake nne. Kwa hiyo tulipotazama picha za Marekani zilizopigwa kutoka angani tulishangaa, maana mashamba yale ni ya mviringo, kama sahani za kijani zilizopangwa juu ya mkeka mkavu.

Kumbe ni maji yaliyoyachora. Frank Zybach, mkulima wa Colorado, aliona watu wakihamisha mabomba ya maji shambani kwa mikono, akawaza jinsi bomba litakavyokwenda lenyewe. Mwaka 1952 serikali ilimpa hati ya uvumbuzi wake. Bomba hilo lina magurudumu. Ncha moja imefungwa katikati ya shamba, nayo ya pili yazunguka polepole, mfano wa mbuzi aliyefungwa kambani azungukavyo kigingi chake. Urefu wake ni kama meta 400, nalo hunywesha hekta 50 hivi. Matundu ya karibu na kigingi hutoa maji machache, na ya mbali hutoa mengi, kwa kuwa ncha ya nje yapita juu ya ardhi kubwa zaidi kwa muda ule ule. Pembe nne hubaki kavu.

Je, maji hayo yatoka wapi? Chini ya Nebraska, Kansas, Texas na majimbo mengine matano iko akiba kubwa iitwayo Ogallala, iliyokusanyika kwa maelfu ya miaka. Mahali pengi mvua hairudishi hata kidogo kiasi kile kinachovutwa. Magharibi ya Kansas na kaskazini ya Texas visima vingine vimekauka, na wenyewe wamerudi kungojea mawingu. Saudi Arabia nako walilima ngano jangwani kwa maduara kama hayo. Lakini mwaka 2008 serikali iliamua kupunguza ununuzi wa ngano ya nchini mwaka kwa mwaka, ili kuyaokoa maji.

Hatuwalaumu wakulima wale, maana wamelisha watu wengi. Lakini wazee wetu husema, Akiba haiozi. Ni kweli, walakini hawakusema kwamba haiishi. Nasi tunaochimba visima siku hizi, yafaa tujiulize kwanza ni maji kiasi gani yaingiayo, ndipo tupime ya kuteka. Mtoto atakayeshusha ndoo baada yetu asisikie ikigonga mawe.