Nyota za Ukutani na Ndugu Asiyeonekana



Tumeulizwa zaidi ya mara moja na akina mama wa darasa letu kuhusu maonyesho haya mapya ya picha za kuchorwa, ambayo mtu hayatazami kwa mbali bali huingia ndani yake. Jamaa zao walioko Ghuba huwatumia video kwa simu: watoto wamekaa sakafuni, rangi zawapita miguuni kama maji ya pwani. Je, yafaa kuwapeleka watoto? Na je, mna faida gani? Kwa kuwa tuliwahi kuingia katika ukumbi mmoja wa namna hiyo mwaka 2021, tulipokwenda Dubai kumzuru binti yetu na mumewe, twaona tuna haki ya kusema machache, ijapokuwa elimu yetu ni ya vitabu, si ya rangi.

Ukumbi huo uliitwa Infinity des Lumières, nao ulifunguliwa mwaka huo huo ndani ya Dubai Mall. Mtindo wake umetoka Ufaransa. Mjini Paris, mwezi wa Aprili 2018, kiwanda cha zamani cha kusubu vyuma kilichoasisiwa 1835 kilifunguliwa upya kwa jina la Atelier des Lumières, kikiwa na projekta 140 na kuta na sakafu za kuangaziwa zipatazo mita za mraba 3,300. Kila projekta hutupa kipande chake tu cha picha, na kompyuta huviunga vipande hivyo ukingo kwa ukingo hata jicho lisione mshono. Picha yenyewe, ile iliyoguswa na mkono wa mchoraji, haimo. Kilichomo ni nuru, na nuru ikizimwa husalia ukuta mtupu.

Tulichoonyeshwa sisi ni kazi za Vincent van Gogh, Mholanzi aliyezaliwa 1853 akafa 1890, akiwa na umri wa miaka 37. Usiku uliingia ukumbini, muziki ukapanda, nyota zikaanza kuzunguka juu ya vichwa vyetu. Wajukuu walikimbizana nazo. Sisi tulishika ukuta, maana kichwa nacho kilianza kuzunguka.

Suala la halali twalipita upesi, kwani lina wenyewe na vitabu vyake. Wanavyuoni wamekaza katika taswira za vyenye roho, na Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amridhie, amepokewa akimwelekeza mchoraji kwenye miti na visivyo na roho. Kuta zile zilijaa mashamba, maua na mbingu, lakini nyuso za watu pia zilikuwamo, na ukweli huo haufichiki. Kila mzazi na amwendee mwanachuoni anayemwamini.

Kilichotushughulisha ni kingine. Mkwe wetu ni mtu wa kusoma, na usiku ule alitutolea kitabu cha maisha ya mchoraji huyo, nasi tukakaa nacho hadi karibu na alfajiri. Kwanza tulistaajabia kipimo. Picha ile ya usiku wenye nyota, ambayo tangu 1941 imo katika jumba la sanaa la MoMA mjini New York, ina upana wa sentimita 92 na kimo cha sentimita 74 hivi. Yaani wari moja kwa upana. Ukiifunika kwa kanga, kanga yasalia! Na hicho ndicho walichokikuza hata kikaenea kuta za ukumbi mzima.

Kisha tukafika mahali ilipochorwa. Ilikuwa Juni 1889, katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa. Van Gogh alikwenda mwenyewe kulazwa humo baada ya maradhi kumshika vibaya. Alikuwa amejikata sikio kabla ya hapo. Dirisha la chumba chake lilikuwa na vyuma. Mti ule mweusi mrefu ulio mbele ya picha, uliofanana machoni petu na mvinje, na nyota zile ambazo wajukuu wetu walizikimbiza, vimetoka humo.

Na nani aliyelipa gharama za hospitali? Mdogo wake, Theo, aliyekuwa mfanyabiashara wa picha mjini Paris. Theo alimtumia kaka yake fedha kwa miaka, akampelekea rangi na vitambaa vya kuchorea, na akazihifadhi barua zake zaidi ya 600. Mkewe, Johanna, aliolewa Aprili 1889, akakuta shemeji mgonjwa tayari yumo katika hesabu za nyumba. Januari 1890 walipata mtoto wa kiume wakamwita Vincent. Ami yake, angali hospitalini, akamchorea matawi ya mlozi uliochanua, maua meupe juu ya buluu. Katika yote tuliyoyaona, hiyo ndiyo tuliyoipenda.

Julai mwaka huo mchoraji alikufa kwa jeraha la risasi, na inaelezwa kwamba alijipiga mwenyewe. Theo naye hakufika mbali. Alifariki Januari 1891. Johanna akabaki mjane wa miaka 28, na mtoto hajatimiza mwaka, na nyumba imejaa picha ambazo watu wachache tu walizitaka. Alirudi Uholanzi, akafungua nyumba ya kupangisha wageni, na huku akawa azipeleka picha kwenye maonyesho moja moja na kuzipanga barua kwa tarehe. Alizichapisha mwaka 1914. Maonyesho ya nuru na muziki hayana nafasi kubwa kwa habari kama hii. Mama mwenye daftari la hesabu hapendezi ukutani kama nyota.

Twaisimulia kwa sababu. Baada ya kurudi Mombasa tulijiwa na mama mmoja ambaye kijana wake alikuwa amefungiwa chumba cha uani muda mrefu. Kisomo kilikwisha somwa, makombe alikunywa, na wageni wakija huambiwa kijana amesafiri. Sisi hatukikatai kisomo, twakisoma wenyewe. Lakini katika maristani ya Sultani Qalawun, iliyojengwa Cairo mwaka 1284, wagonjwa wa akili walikuwa na sehemu yao na tabibu wao, na hakuna aliyesema kwamba watu wale wamepungukiwa imani. Tulimsimulia mama yule habari ya Theo na Johanna. Akauliza, “Na yule mdogo wake, sheikh, hakuona haya kwa watu?” Tukamjibu kwamba mtoto wake alimpa jina la mgonjwa.

Akanyamaza kitambo. Kisha akatuomba tumsindikize kwa daktari Jumatatu, na kijana alitoka mlangoni mchana, kwa miguu yake, majirani wakitazama.