Kisanduku cha Vifaa katika Njia ya Garissa

Kutoka Malindi hadi Garissa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Mtu akiondoka baada ya Sala ya Alfajiri, na njia ikawa njema, huweza kuiwahi Alasiri akiwa mjini Garissa. Hivyo ndivyo tulivyokusudia mimi na mume wangu mwaka 2021, tulipoiendea njia hiyo kwa pikipiki kwa mara ya kwanza. Mdogo wangu, aliyeolewa huko katika nyumba ya Wasomali, alikuwa amekaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mama yetu ametangulia mbele ya haki, na mimi ndiye niliyemwahidi mdogo wangu kuwa saa yake ikifika nitakuwa ubavuni pake. Sikuwa. Tulifika asubuhi ya siku ya pili, mtoto amekwisha kuadhiniwa sikioni, na sababu ya kuchelewa kwetu ilikuwa spana chache ndani ya kopo la biskuti.

Msomaji ataniuliza kwa nini hatukupanda basi. Mume wangu ni fundi wa mabomba ya maji, na kazi zake humpeleka katika vijiji vya kandokando ya Mto Tana, ambako basi humshusha barabarani na kumwachia mwendo mrefu wa miguu. Pikipiki ndiyo miguu yake, nami nimezoea kukaa nyuma yake. Huvaa suruali pana chini ya buibui, nikalikusanya pindo na kulifunga vyema, kwani nguo ikinaswa na gurudumu au mnyororo humwangusha aliyeivaa kabla hajapata nafasi ya kupiga ukelele. Kofia ngumu huivaa juu ya mtandio. Baada ya hayo husoma dua ya safari, tukaondoka.

Njia yenyewe ni darsa. Ukivuka Mto Sabaki unapita Mambrui na Gongoni penye mashamba ya chumvi, na upepo wa bahari ungali unakufuata. Ukifika Minjila, barabara ya Lamu inaachana na ile ya Hola na Garissa, na hapo pwani inakuaga. Mkono wako wa kulia, mbali kidogo na barabara, unaandamana na Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Karibu na mto wanakaa Wapokomo na migomba na miembe yao, na upande wa nyika wanachunga Waorma na Wawardei. Lami imechakaa mahali pengi, na laga, yaani mito mikavu inayojaa maji siku moja na kukauka siku ya pili, huikata kila baada ya mwendo. Hapo pikipiki hutikisika kutoka usukani hadi mkiani, wala haitikisiki peke yake, bali hutikisika na kila ilichobeba.

Karibu na Hola na Bura kuna mti ambao kila mwenye gurudumu hujifunza jina lake. Ni mathenge. Uliletwa na kupandwa katika sehemu hizo katika miaka ya 1980, wakati wa miradi ya kilimo cha umwagiliaji, ili uzuie jangwa na uwape watu kuni. Ulistawi kupita matarajio, ukaenea kingoni mwa mto na kandokando ya barabara, na miiba yake ni mirefu na migumu kiasi cha kutoboa tairi. Safari ile, tulipokuwa tumekwisha ipita Bura na jua limeanza kuteremka, tairi la nyuma lilijaa mwiba.

Mume wangu hakutaharuki. Alikuwa na tyubu ya akiba ndani ya kopo lililofungwa kwa mipira juu ya keria, pamoja na spana, plaizi, bisibisi na vyuma viwili vya kutolea tairi. Akalitoa gurudumu, akaivuta tyubu mpya, akaijaza upepo. Haikujaa. Akaizungusha karibu na shavu lake kusikiliza, na pumzi ikamjibu mahali patatu. Kwa muda wa kilomita mia mbili na ushei, spana zilikuwa zikiisugua tyubu ile ndani ya kopo kama tupa. Tulikuwa tumebeba akiba, na akiba ile tuliiharibu wenyewe njiani. Tulipoitafuta gundi ya viraka tukaikuta imekauka, kwani ilikuwa imefunguliwa zamani na joto la kule halisamehe.

Familia moja ya wafugaji ilitukaribisha, ikatupa maji na maziwa na jamvi la kulalia. Mwenyezi Mungu awalipe. Kabla ya mapambazuko lori lililokuwa likienda kuchukua mbuzi likatupakia sisi na pikipiki yetu. Nilipofika Garissa mdogo wangu alikuwa mzima, alhamdulillahi, na binti yake amelala. Hakunilaumu kwa neno lolote. Alisema tu kwamba usiku kucha alikuwa akisikiliza kila pikipiki iliyopita.

Mwaka uliofuata tulirudi kumtazama, na mara hii mume wangu alijiandaa kwa ufundi wake mwenyewe. Alikata bomba la plastiki la inchi nne, urefu wa mkono, akaziba ncha moja kwa gundi na nyingine akaitia kifuniko cha kuzungusha, akalifunga kando ya keria kwa vikuku vya chuma, upande usio na ekzosi. Lilikuwa jambo la kupendeza. Vumbi halikuingia wala maji. Nilimsifu, na kwa hakika sifa hizo alizistahili hadi tulipofika kwenye kizuizi kimoja cha barabarani.

Afisa alilitazama bomba lile akarudi nyuma hatua mbili. Akatuamuru tushuke na tulifungue. Kifuniko kilikuwa kimevimba kwa jua na meno yake yamejaa mchanga, hakikuzunguka. Ilihitajika spana kubwa ya kukilegeza, na spana ilikuwa ndani ya bomba. Ukiwa nyumbani utacheka. Pale hakuna aliyecheka. Garissa ni mji uliopoteza watu 148 katika Chuo Kikuu chake tarehe 2 Aprili 2015, wengi wao vijana wa watu waliokwenda kutafuta elimu, na mtu aliyepewa kazi ya kulinda njia yake ana haki ya kuogopa bomba lililozibwa pande zote mbili. Tulisimama juani hadi mwenye lori alipotuazima koleo. Nilijifunza siku hiyo kwamba chombo kinachofaa Malindi hakifai kila mahali. Katika nchi ile chombo chema ni kile ambacho mwenyewe anaweza kukifungua mara moja mbele ya mwenye kuuliza.

Jioni hiyo, ukumbini kwa mdogo wangu, kisa chetu kikasimuliwa mbele ya mama mkwe wake. Sote humwita Ayeyo, yaani bibi. Naye, kupitia kwa shemeji aliyetufasiria, aliniita habaryar, jina la Kisomali la dada wa mama, na maana yake ni sawasawa na yetu: mama mdogo. Ayeyo amekulia katika maisha ya kuhama na mifugo. Katika maisha hayo nyumba, ile inayoitwa aqal, ni mali na kazi ya mwanamke. Yeye huijenga kwa fito na mikeka, yeye huivunja, na yeye huipanga juu ya ngamia wa mizigo siku ya kuondoka.

Alisikiliza habari ya kopo na ya bomba, kisha akauliza, "Nani aliyepakia?" Mume wangu akajitaja. Ayeyo akatikisa kichwa bila ukali. Akasema ngamia haumizwi sana na uzito, huumizwa na kinachosugua. Kwa hiyo mikeka minene hutangulia mgongoni kabla ya kitu kingine. Pande mbili za mzigo lazima zilingane, la sivyo mnyama hutembea upande na kuchoka kabla ya nusu ya njia. Kizito hakiwekwi juu. Na kitakachohitajika kwanza mkifika, hicho hupakiwa mwisho. Alipomaliza alinitazama mimi, si mume wangu, kama kwamba mas'ala haya yalikuwa yangu tangu mwanzo.

Kesho yake tulikwenda kwa fundi wa kuchomea vyuma mjini, tukiwa na karatasi iliyochorwa usiku. Pikipiki nyingi zilizoundwa India huja na kinga ya chuma kando ya gurudumu la nyuma, iliyowekwa ili sari za wanawake zisinaswe. Fundi aliona kuwa hapo ndipo mahali pa kisanduku: chini, mbele ya ekseli ya nyuma, mbali na ekzosi. Alieleza kwa nini asikiweke mkiani. Uzito ukikaa juu na nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani huanza kuyumba, hasa mchangani. Alikata bati nene, akatengeneza kisanduku chembamba chenye mlango unaofunguka kwa nje, komeo na kufuli dogo, na matundu mawili chini ya kutolea maji. Hakukubali kuchomea chochote kwenye fremu ya pikipiki, kwani moto huweza kudhoofisha chuma chake. Alitumia bolti, na kila bolti akaitia nati mbili zinazokazana, ili mtikisiko usizilegeze. Kisha akatuambia tukae sote wawili juu ya pikipiki, akainama kuhakikisha kwamba springi zikibonyea kisanduku hakigusi gurudumu wala mnyororo. Upande wa pili tulipanga mfuko wa nguo na maji, juu zaidi ya ekzosi, na uzito wake tukaulinganisha kwa mizani ya muuza nafaka.

Sehemu iliyobaki ilikuwa yangu, nami ni mshonaji. Katika soko la Garissa nilinunua kipande cha turubai, nikashona mkunjo wenye mifuko, kila spana na mfuko wake, na juu ya kila mfuko nikatarizi namba yake kwa uzi mwekundu. Tulibeba zile tu zinazolingana na nati za pikipiki yetu. Mume wangu aliizunguka akizijaribu moja moja, na nusu ya tulizokuwa tukizibeba zikabaki nyumbani. Ndani ya kisanduku tulibandika mpira wa tairi kuukuu, ndio mikeka ya Ayeyo. Tyubu ya akiba niliipaka poda ya mtoto ili isishikane, nikaifunga kwa kipande cha kanga na kuitia katika mfuko wake peke yake. Gundi ya viraka ni mpya kila safari, haijafunguliwa. Waya wa klachi, plagi, fyuzi na tochi vimelala chini. Pampu, viraka na vyuma vya tairi viko juu, kwani pancha ndiyo hutangulia.

Jambo moja zaidi nililitaka, nalo ni kujua. Usiku ule wa kwanza nilikuwa nimeshika tochi bila kufahamu niimulike wapi, na kila kitu mume wangu alikitafuta mwenyewe kwa kupapasa. Basi uani kwa Ayeyo nilitoa gurudumu la nyuma na kulirudisha mara tatu, huku bibi akihesabu na mtoto wa mdogo wangu akichezea nati. Mara ya tatu sikuuliza neno.

Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023, na yale ya mwezi wa Aprili 2024, yaliikata njia. Kati ya Madogo na daraja la Garissa watu walivushwa kwa mashua mahali ambapo magari yalipita jana yake, na sisi tulibaki Malindi tukipiga simu. Maji yalipopungua na njia kufunguliwa, mdogo wangu alikuwa na mimba ya pili. Tuliondoka mapema kuliko mara zote. Kabla ya Hola mwiba ukatupata tena. Mume wangu alifungua nati, nami nilimpa alichohitaji kabla hajanyoosha mkono. Hatukumaliza saa nzima. Tuliswali Adhuhuri Hola, na magharibi ilitukuta ukumbini kwa mdogo wangu. Mtoto wa kiume alizaliwa baada ya siku mbili, na usiku ule mkono alioushika ulikuwa wangu.

Dada zangu, wengi wetu tuna waume, kaka na wana wanaotafuta riziki kwa pikipiki. Tunawapikia, tunawaombea, tunawasubiri. Leo jioni muulize wako vifaa vyake viko wapi, vimekaaje, na ikiwa wewe unaweza kuvifikia gizani. Ukivikuta vimetupwa ndani ya kopo, toa uzi na sindano. Kupanga mzigo ni elimu tuliyokuwa nayo tangu zamani, nasi tusiiache ikaishia jikoni.

Wabillahi tawfiq.