Mbolea ya nguruwe: huku Bushi na kule ng'ambo ya Ruzizi

Wahenga walisema akiba haiozi. Mbolea ya nguruwe ni akiba ya namna ingine: isipooza kwanza, haina faida. Ndugu msomaji, wengine wanaandika juu ya ngoma na ndoa; sisi tumechagua mavi ya nguruwe, kwa sababu nayo yako na mila yake.

Kwa Bashi, mahali pa kwanza pa mbolea ni endalo, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba. Mavi ya ng'ombe, majivu na maganda, vyote vilimwagwa pale. Mashamba ya mbali yalipata kidogo ao hayakupata kitu. Wakati wa vita vya 1996 na 1998 ng'ombe wengi waliporwa, na familia nyingi zikashika mifugo midogo: nguruwe, sungura, dende. Katika nyumba hizo nguruwe ndiye analisha udongo leo.

Na anaiweza kazi hiyo. Mavi yake yako na fosfori nyingi kuliko ya ng'ombe, na udongo mwekundu wa Walungu, wenye asidi, unaikosa sana. Lakini yakiwekwa mabichi yanachoma mimea, tena yanabeba vijidudu na mayai ya minyoo. Kwa hiyo yanachanganywa na majani makavu, yanafunikwa na majani ya mgomba ili mvua isiyaoshe, na yanangojewa miezi mitatu hivi.

Sasa tuangalie ng'ambo. Tunajua kumsifu jirani huyu ni neno gumu kwa watu wa Bukavu, zaidi tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23. Hata hivyo mwalimu anapaswa kupima mambo kwa haki. Nchini Rwanda mbolea inaitwa ifumbire, na wanyama wanafungwa ndani ya vibanda, hivi mavi hayatawanyiki. Mpango wa Girinka, ulioanza 2006, uliwapa maskini ng'ombe kwa ajili ya maziwa na mbolea pia. Mfugaji wa nguruwe naye anarundika na kufunika, kama sisi.

Basi tofauti iko wapi? Haiko kwa nguruwe, wala kwa ujuzi. Iko kwa karatasi. Kuanzia 2009 mashamba ya Rwanda yaliandikishwa, kila moja na jina la mwenyewe. Uzuri huo uko na bei yake: tangu 2007 mpango wa kuongeza mavuno uliwaagiza wakulima wengi zao la kupanda. Lakini anayeweka mbolea leo anajua shamba ni lake kesho.

Huku kwetu mila iko na njia mbili. Kalinzi: unatoa ng'ombe kwa mwenye ardhi, na shamba linabaki lako na la watoto wako. Bwasa: unalikodi kwa muda mfupi, na hauruhusiwi kupanda mgomba wala kahawa. Sheria ya 1973 ilisema ardhi yote ni ya Serikali, lakini vijijini watu waliendelea na mila. Mama wa bwasa akibeba mbolea kichwani mpaka shambani, udongo ukinona, mwenye shamba anaweza kulirudisha. Ndiyo maana mbolea inabaki kwenye endalo. Huyo mama si mvivu, amepiga hesabu.

Na hapa Kadutu? Sisi walimu wengi tunafuga nguruwe wawili watatu nyuma ya nyumba, juu mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Parsele ni ndogo, mbolea inakosa pa kukaa. Mvua ikinyesha, inashuka na mto Kawa mpaka ziwani. Kila siku mihogo na maharagi yanaingia soko la Kadutu. Nguvu ya udongo inaingia pamoja nayo, lakini vijijini hairudi.

Tunaomba wazee wetu na machifu wafikirie jambo moja, lisiloomba pesa ya mzungu: bwasa iandikwe mbele ya mashahidi, iwe ya misimu mingi, na aliyenonesha shamba alipwe akiondolewa. Kalinzi iliwapa babu zetu moyo wa kupanda migomba. Bwasa nayo inaweza kurekebishwa, ili mama wa Walungu naye apate sababu ya kubeba mbolea mpaka shamba la mbali.